Wageni Niliowafundisha Kiingereza Voi

Mkawasi, mwalimu kijana aliyeichukua meza yangu, amenipigia simu mara nyingi tangu nistaafu. Leo anatafuta ufunguo wa kabati, kesho anauliza kwa nini kuna redio ya kaseti kuukuu pale kwenye rafu na kama anaweza kuitupa. Juzi akaniambia, "Madam Wakesho, si uandike tu haya mambo, na sisi wengine tusome?" Basi naandika. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha. Ofisi inazijua, na nyingine nikizikumbuka zitaniharibia chai. Nitaandika habari za darasa.

Kwa asiyeujua mpango wetu, nieleze kwa ufupi. Chuo chetu hapa Voi hupokea wanafunzi kutoka nje ya Kenya, watu waliosoma kwa Kifaransa, Kireno au Kiarabu. Kabla hawajaanza uuguzi, utalii, biashara au chochote kilichowaleta, hukaa nasi mwaka mzima wakijifunza Kiingereza. Wakifaulu wanaendelea. Wasipofaulu wanarudia, au wanarudi kwao. Mimi nilijiunga na mpango huo nikitoka kufundisha sekondari kule Bura, nikidhani kwamba aliyeweza kuwafundisha vijana wa kidato cha nne hawezi kushindwa na darasa lolote duniani.

Siku ya kwanza niliingia nikiwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kumpokea waziri. Nilikuwa na chati za ukutani, chaki za rangi, na somo la wakati uliopita nililolifanyia kazi likizo nzima. Mbele yangu walikuwa wameketi Wakongomani, Warundi, Wasudani Kusini, na ndugu wawili kutoka Msumbiji waliokuwa wakigombania kamusi moja. Niliwaamkia, wakaitikia kwa pamoja na kwa sauti nzuri kabisa. Nikafurahi. Nikaeleza, nikachora, nikauliza maswali na kuyajibu mwenyewe, nikatoa mifano na kuicheka mwenyewe. Kila nilipouliza kama wameelewa waliitikia, "Yes, Madam." Kumbe hicho ndicho kilichokuwa Kiingereza chote walichokuja nacho.

Aliyekuwa msimamizi wa mpango wakati huo ni Mwalimu Mwandoe, mtu wa Mgange, mrefu, mwenye sauti ya chini na suruali zilizopigwa pasi vizuri kuliko za mtu yeyote chuoni. Siku hiyo alikuwa ameketi nyuma ya darasa langu. Kipindi kilipokwisha alinisubiri kwenye veranda.

"Kiingereza chako ni kizuri sana, Madam," akaniambia.

"Asante, Mwalimu."

"Kwa nilivyokisikia leo, hakihitaji mazoezi tena. Kesho tuwaachie wao nafasi kidogo."

Hakutabasamu. Akaenda zake kunywa chai. Mimi nikabaki pale na chati zangu, nikiwa sijui kama nimesifiwa au nimechapwa.

Kesho yake alinialika nikae nyuma ya darasa lake. Aliuliza swali moja fupi, kisha akageuka dirishani akaanza kuutazama mlima wa Sagalla. Hakuna aliyejibu. Mwalimu aliendelea kuutazama mlima kana kwamba amelipwa kuulinda. Mimi nilijikuta natoka jasho kwa niaba yake. Mwishowe msichana mmoja wa Burundi akashindwa kuvumilia ule ukimya, akasema neno moja. Jirani yake akaongeza la pili. Wa tatu akapinga, kukawa na ubishi, na ubishi wenyewe ulikuwa kwa Kiingereza kibovu lakini Kiingereza. Ndipo Mwalimu akageuka. "Good," akasema, akaendelea na somo. Nilichukua muda mrefu kuweza kufanya hivyo. Mwalimu mgeni akiona kimya anakiona kama moto, anakimbilia kuuzima. Mkawasi, wewe pia unafanya hivyo. Nimekuona.

Sasa hiyo redio. Kitufe chake cha kuchezesha kilivunjika zamani na kinasukumwa kwa kijiti cha kiberiti. Kaseti tulizopewa nayo zilikuwa za kutoka ng'ambo. Katika mojawapo kulikuwa na bwana aliyesahau mwavuli wake kwenye basi, akahangaika ofisi hadi ofisi akiutafuta. Wanafunzi waliisikiliza kwa makini, kisha Bahati, kijana wa Bukavu, akainua mkono akauliza huyo bwana ana shida gani hasa. Nilimwelewa. Ukiishi Voi, mvua yenyewe ndiyo inayotafutwa. Basi nikanunua kaseti tupu, nikaenda kurekodi zangu. Nilimrekodi jamaa wa lojingi akijibizana na watalii, karani wa stesheni akieleza habari za treni, na mzee mmoja fundi baiskeli ambaye alijifunza Kiingereza akifanya kazi mbugani na akawa anatamka majina ya ndege kama padri anayesoma misa. Zile kaseti bado zimo kwenye kabati. Usizitupe.

Tatizo letu kubwa lilikuwa hili: wanafunzi wengi walikuwa wanajua Kiswahili, kile cha kwao, na mji mzima wa Voi unaongea Kiswahili. Ukimtuma Mkongomani sokoni akafanye mazoezi ya Kiingereza, anauliza bei kwa Kiswahili, anajibiwa kwa Kiswahili, anarudi na nyanya. Siku moja nikawafuata. Nilimkuta Bahati amesimama mbele ya meza ya Mama Mutheu, mama wa Kikamba anayeuza nyanya na vitunguu, akiwa amenyooka kama askari na kuuliza kwa Kiingereza changu mwenyewe kama angeweza, tafadhali, kupata nyanya.

Mama Mutheu akamtazama juu mpaka chini. "Wewe si ni yule jana ulikuwa unaongea Kiswahili na mtu wa boda hapo kwa stage? Leo umekuwa mzungu?"

"Mama, ni mwalimu alituambia," Bahati akajitetea.

"Na mwalimu alikuambia mimi nimesoma?"

Nikajitokeza nikaeleza. Nilifikiri atatufukuza. Badala yake alifunga leso yake vizuri, akajishika kiuno, akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika hadi stendi ya mabasi, "Tomatoes finish! Tomorrow come!" Nyanya zilikuwa zimejaa mezani. Soko zima likacheka, na Bahati akacheka kuliko wote. Tangu siku hiyo Mama Mutheu akawa mwalimu wetu wa nje. Alikuwa anawakatalia Kiswahili kabisa, na asiyejikaza alirudi bila kitunguu. Athari yake nilianza kuiona darasani. Nikiuliza kazi ya nyumbani, naambiwa, "Homework finish, Madam. Tomorrow come." Niliwasahihisha, ndiyo, lakini baada ya kutoka nje kwanza kucheka.

Mwalimu Mwandoe alistaafu akarudi Mgange kwenye ng'ombe wake, na mimi nikaachiwa chumba chake pamoja na ile redio. Miaka ikaenda, wanafunzi wakaja na kuondoka. Wengi wao siwezi kuwataja mmoja mmoja. Ila kuna mmoja nataka kumweleza vizuri, kwa sababu ndiye aliyenisumbua kuliko wote, na kama mpango huu ulinifundisha kitu, yeye ndiye aliyenifundisha sehemu kubwa.

Jina lake ni Ustadh Bakri. Alikuja Voi baada ya vita kuzuka Khartoum, yeye na binti yake Samah. Mkewe aliugua wakiwa njiani kutoroka, akafariki kabla hawajafika bandarini Port Sudan. Voi walikuwa na binamu mmoja, Rashid, mwenye duka la vipuri vya malori kando ya barabara kuu, naye ndiye aliyewapokea. Samah alikuwa na Kiingereza cha kutosha, akaanza uuguzi moja kwa moja. Baba yake akajiandikisha kwangu.

Alikuwa mtu wa rika langu. Kwao alikuwa amefundisha fasihi ya Kiarabu maisha yake yote, na ilionekana. Alikuja darasani na koti la suti katika joto la Voi, akaketi mstari wa mbele kati ya vijana ambao wangeweza kuwa wajukuu zake, akapanga kalamu zake sambamba. Maandishi yake yalikuwa safi. Sarufi aliimeza. Mitihani ya kuandika aliwashinda wote. Lakini kuongea, hata kidogo. Nikimuuliza jina la mji wake ananyamaza. Nikimuuliza amekula nini asubuhi anainamisha kichwa kwa adabu, anatabasamu, ananyamaza.

Nikatumia dawa ya Mwalimu Mwandoe. Nilimuuliza swali, nikageuka dirishani kuutazama mlima wa Sagalla. Nikautazama sana. Nilipochungulia kwa pembe ya jicho, nikamkuta Ustadh naye anautazama mlima, ametulia tuli, mikono juu ya meza. Tukautazama wote wawili mpaka kengele ikalia.

Jioni hiyo nilikutana na Samah kwenye njia ya maktaba. "Baba anakusalimu," akaniambia. "Anasema ile mbinu ya dirisha ni nzuri. Yeye mwenyewe aliitumia miaka mingi."

Nilicheka mpaka nikashika mti. Lakini nilipofika nyumbani sikucheka tena. Nilikuwa na mwanafunzi anayezijua silaha zangu zote.

Muhula wa pili ukiwa unaelekea mwisho, Samah alikuja ofisini kwangu akafunga mlango. Tuliongea Kiingereza, mimi na yeye, lakini maneno yake nayakumbuka kama aliyeambiwa kwa lugha ya nyumbani.

"Kibali cha baba cha kukaa Kenya kinakaribia kuisha," akasema. "Binamu Rashid amempatia nafasi ya mahojiano. Ni shule moja huko Mombasa, wanatafuta mwalimu wa Kiarabu. Wakimchukua, wao ndio watamwombea kibali cha kazi."

"Hiyo ni habari njema."

"Mahojiano ni kwa Kiingereza, Madam. Wanaohoji hawajui Kiarabu."

Nikaweka kalamu chini.

"Asipopata, atarudi Port Sudan. Kuna shangazi yake huko, mzee sana. Na akirudi, mimi nitaacha masomo nirudi naye. Mama hayupo. Siwezi kumwacha baba aende peke yake." Alisema hivyo bila kulia, kama mtu aliyekwisha kulia nyumbani. Kisha akaongeza, "Ameniambia nisikuambie hili. Anasema anaona aibu. Anasema, kwa Kiarabu mimi ni mtu mzima, watu husimama nikiingia. Kwa Kiingereza mimi ni mtoto anayejinyea. Afadhali ninyamaze, angalau watu wataendelea kudhani nina akili."

Tulianza mazoezi siku iliyofuata, mimi naye peke yetu baada ya vipindi. Nilimwandikia maswali wanayopenda kuuliza watu wa mahojiano, na majibu yake. Akayahifadhi yote. Nikiuliza neno kwa neno, alijibu kama anayesoma kitabuni. Nikibadilisha swali kidogo tu, mlango unafungwa. Macho yanainama, tabasamu la adabu linarudi, na mimi najua kwamba mahojiano yamekwisha.

Jumamosi moja nikawaalika wote wawili nyumbani kwetu Werugha, nikitaka tu apumue hewa ya baridi na aonje kimanga, mihogo na maharagwe yetu ya kuponda. Kule juu siku hiyo ukungu ulikuwa umelala kwenye makonde mpaka karibu na adhuhuri, na yeye kwa mara ya kwanza alionekana anastarehe ndani ya lile koti lake. Dada yangu mkubwa, Mghoi, ndiye anayekaa kwenye boma la wazazi. Dada Mghoi hakusoma sana. Anaongea Kidawida, yaani Kitaita chetu, na Kiswahili, na ana vineno vichache vya Kiingereza alivyookota kwa wajukuu. Lakini hajawahi kumwona mgeni akashindwa kuzungumza naye. Alimchukua Ustadh akamzungusha shambani, akimweleza habari za kabichi na ng'ombe wake wa maziwa kwa Kidawida kitupu, na Ustadh akimjibu kwa Kiarabu, na ungedhani wanasikilizana.

Mimi na Samah tulikuwa jikoni tukimenya viazi. Nikasikia dada akiniita, "Wakesho! Mwambie huyu mgeni aniandikie jina langu kwa hayo maandishi yao!"

Nikamwambia Samah kwa Kiingereza, naye akamtafsiria baba yake kutoka dirishani. Ustadh akaokota kijiti, akachuchumaa, akaandika chini kwenye udongo: Mghoi. Nikuambie jambo moja. Jina la dada yangu limewashinda Wazungu wengi, na watu wengine wa Nairobi pia. Yeye alilitamka sawasawa mara ya kwanza, kwa sababu Kiarabu kina hiyo gh. Dada alifurahi mno. Akamnyang'anya kijiti akaanza kuiga, lakini akaanzia kushoto, kama sisi tunavyoandika.

"No," Ustadh akasema.

Niliacha kisu.

"No. Look. Here." Akamwonyesha upande wa kulia. Dada akajaribu. "Again," Ustadh akasema. Dada akafuta kwa mguu, akaandika tena. "Better. Listen: gha. Gha. Now you. Again." Na dada ambaye alijua "no" na "again" kutoka kwa wajukuu wake, akaitikia "gha" kwa sauti ya kutisha kuku. "Very good!" Ustadh akasema. "Very, very good!"

Samah alinishika mkono. "Madam," akanong'ona, "huyo ni wewe."

Ni kweli. Maneno yalikuwa yangu, na hata ile namna yangu ya kuinua kidole kabla ya kusema "listen", na kunyoosha "very" mara ya pili. Miezi yote ile aliyokaa mstari wa mbele bila kufungua mdomo, Ustadh hakuwa akinisikiliza kama mwanafunzi. Alikuwa akinisikiliza kama mwalimu anayemtazama mwalimu mwenzake. Kiingereza cha kuomba kazi hakuwa nacho. Cha kuhadithia maisha yake hakuwa nacho. Kiingereza cha kufundisha alikuwa nacho chote, kimekaa kwenye koo kinasubiri mwanafunzi.

Jumatatu niliingia darasani nikampa chaki. "Leo Ustadh Bakri atatufundisha herufi za Kiarabu," nikawaambia wenzake, nikaenda kuketi nyuma.

Hakuinuka. Nikawaza labda nimemwaibisha mbele ya watoto, na kwamba kesho hatakuja. Kisha akasimama taratibu, akavua koti, akalitundika kwenye kiti. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone bila koti. Akaenda ubaoni, akachora mstari mmoja wa wima, mzuri, kama uliochorwa kwa rula.

"Listen," akasema, akiinua kidole. "This is alif. Alif is proud man. He not give hand to neighbour."

Alikuwa akieleza kwamba alifu haishikani na herufi inayoifuata. Hakuna kitabu kilichowahi kunieleza vizuri kuliko hivyo. Akachora nyingine, akasema hii ni mkarimu, inashika mkono kulia na kushoto. Akachora ya tatu, akasema hii ni mama mjamzito na nukta ni mtoto. Vijana wakaanza kuuliza maswali. Akajibu. Alipokosa neno alichora. Alipokosea sarufi hakusimama, maana Bahati mwingine, huyu wa Goma, alikuwa akijaribu ile ha ya kooni na kukohoa kama mtu aliyemeza mfupa, na Ustadh alikuwa anakimbilia kumwokoa. "No, no! From here! Not die! Again!" Darasa likaangua kicheko, naye akacheka, kicheko kikubwa cha tumbo ambacho sikujua kama anacho. Mimi sikusahihisha kitu. Nilikaa nyuma na mikono yangu mapajani, na ilinigharimu.

Tangu hapo kila siku alipata dakika zake za ubao. Nilianza kumpangia mada. Leo awafundishe herufi, kesho awaeleze mji wake, keshokutwa awafundishe jinsi chai inavyopikwa kwao. Akiwa na chaki aliongea. Ukimwondolea chaki, sauti ilikuwa ikififia tena, ingawa si kama zamani. Siku ya mahojiano ilipofika sikujua itakuwaje.

Tulipanda treni asubuhi kwenda Mombasa, yeye, Samah na mimi. Yeye alikuwa amevaa lile koti, na njia nzima hakusema neno. Shuleni walitupokea vizuri. Mkuu wa shule, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, alimwita ndani, na sisi tukaambiwa tusubiri kwenye benchi nje. Madirisha yalikuwa wazi kwa sababu ya joto, kwa hiyo tulisikia kila kitu, hata kama tungependa kutosikia.

Mkuu akamkaribisha, kisha akamuuliza aeleze kidogo kuhusu yeye mwenyewe. Jibu la swali hilo tulikuwa tumelifanyia mazoezi mpaka mimi mwenyewe nalijua usingizini. Lakini mkuu aliliuliza kwa maneno mengine.

Kimya.

Akamuuliza tena, polepole, kwa upole. Kimya. Mwanamume mmoja akakohoa. Samah aliufunika uso wake kwa mtandio. Mimi nilikuwa naangalia mlango, nikipima kama ninaweza kuingia na nikiingia nitasema nini. Sikuingia. Mpaka leo sijui kama ni busara au ni woga tu wa kawaida.

Kisha tukasikia kiti kikisogezwa, na sauti ya Ustadh, ndogo lakini imenyooka: "Please. You have chalk?"

Kukawa na minong'ono. Mtu mmoja akatoka mbio akapita mbele yetu, akarudi na kipande cha chaki. Tukasikia chaki ikigonga ubao.

"I am not good for speak about me," Ustadh akasema. "I am good for teach. Sit, please. What is your name?"

Mkuu wa shule akataja jina lake. Chaki ikaandika. "This is you," Ustadh akasema. "Now you. No, from right. Again."

Samah aliondoa mtandio usoni. Ndani, watu wazima watatu walikuwa wakijaribu kutoa ile ha ya kooni. Yule mwanamume aliyekuwa anakohoa akalaumiwa kwamba anatumia pua. Akajitetea. Mkuu akamcheka. Ustadh akamwambia asicheke mwenzake, kwamba yake mwenyewe haijawa nzuri bado. Hapo mimi na Samah tukaangaliana, kwa maana mtu haongei hivyo na bosi wake mtarajiwa, isipokuwa amesahau kabisa kwamba yuko kwenye mahojiano.

Walikaa sana. Mwishowe mkuu wa shule alitoka, vidole vyeupe kwa vumbi la chaki, miwani juu ya kichwa. Akatukuta tumesimama.

"Nyinyi ndio mmemleta?" akauliza. "Hatujamuuliza swali hata moja katika yale tuliyoandaa. Na sasa muda umekwisha." Akamtazama Samah, akaona uso wake, akaacha mzaha. "Aanze muhula ujao. Mambo ya kibali tutayashughulikia sisi. Kiingereza chake kitazidi kunyooka akiwa hapa. Kufundisha, sisi hatuna cha kumwongezea."

Samah aliingia ndani akamkumbatia baba yake. Mimi nilibaki nje kidogo nikijifanya natafuta kitu mkobani.

Samah aliendelea na masomo. Sasa yuko mwaka wa mwisho na huja Werugha likizo kumsaidia dada Mghoi kukamua, kazi ambayo hakuijua kabisa na bado haijui vizuri. Ustadh alihamia Mombasa. Kwa muda sikusikia habari zake, zaidi ya salamu nilizoletewa na binti.

Kisha, katika muhula wangu wa mwisho kazini, simu ikaita nikiwa ofisini nafungasha vitabu. Ni yeye. Sikuwahi kuongea naye kwa simu, na nilijiandaa kumsaidia, nikatafuta maneno mepesi ya kuanzia. Sikupata nafasi ya kuyatumia. Ustadh alikuwa amekasirika. Kuna kijana wa kidato cha pili anayelala darasani kila siku baada ya chakula. Kuna wengine hawaleti kalamu, wanataka kuazima zake, na hawazirudishi. Mkuu wa shule anataka mpango wa kazi wa muhula mzima uandikwe upya kwa namna mpya, wakati ule wa zamani haukuwa na kosa. Na ubao, je, mimi nimewahi kuona ubao mbaya kama huo? Aliongea kwa Kiingereza, mfululizo, nyakati zote zimechanganyika, "he" na "she" zimevurugika, bila kusita hata mara moja kutafuta neno. Mimi nilikuwa nasema "oh" na "really" tu, na hata hizo hakuzisubiri.

Nikaketi juu ya boksi la vitabu nikamsikiliza. Kisha kengele ikalia upande wake.

"I am late," akasema, akakata simu bila hata kuaga.